Wingu la Magotini

Jumatatu, 9 Desemba

Nimepata kazi! Naandika tena ili nijiamini. Nimepata kazi.

Jumamosi hii Anuoluwa Olopade anaolewa na Demilade wake, katika ule ukumbi mkubwa wa Ring Road. Mimi Gbadebo, mkurugenzi wa kampuni ya Mbingu Imeshuka (wafanyakazi: mimi), ndiye nitakayemwaga moshi wa chini wakati maharusi wanacheza dansi yao ya kwanza. Watu wataangalia miguu, hawataiona. Wataona wawili wanaelea juu ya wingu! Wakwe watalia. Wapiga picha watalia. Ibadan nzima itauliza ni nani aliyefanya vile.

Kazi nimepewa na Morenikeji, dada mkubwa wa bibi harusi. Sikumbembeleza. Basi, nilimbembeleza, lakini kwa adabu. Amenisemea kwa baba yake kwa sharti moja tu: nisilete kitu kingine chochote. Moshi, basi. Akanikumbusha njiwa.

Sioni kwa nini kila mtu ananikumbusha njiwa. Yale yalikuwa ya Machi. Walitakiwa waruke juu ya vichwa vya maharusi. Hawakuruka. Walitoka kwenye tenga, wakatembea kwa miguu mpaka meza kuu, wakapanda kwenye sinia la wali wa jollof la mama mkwe. Njiwa ni ndege, kutembea walijiamulia wenyewe. Bado nawafuga juu ya bati la jikoni. Wanakula, wananenepa, shukrani hawana.

Niandike na lile jingine, maana shajara haina mdomo. Mimi na Keji (Morenikeji ni jina la mbele za watu) tuko pamoja mwaka wa nne sasa. Yeye amenikubali. Asiyenikubali ni baba yake, Baba Olopade, mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayekutazama kana kwamba umechelewa kengele. Kwetu binti hatoki nyumbani mpaka muoaji na rafiki zake wajinyooshe kifudifudi mbele ya wazee wake, kifua sakafuni, paji la uso sakafuni. Hiyo sakafu mimi sijapewa. Kila nikituma watu kuulizia siku, mzee anauliza: yule kijana wa njiwa anafanya kazi gani siku hizi?

Jumamosi ataona kwa macho yake. Moshi ukipanda, na mimi nimepanda. Moshi wa chini haupandi, najua. Lakini naelewa ninachosema.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda ukumbini kupima sakafu. Nani nikamkuta? Sunkanmi!

Sunkanmi ndiye wa taa na muziki. Ana gari lililochorwa sura yake ubavuni, ikitabasamu. Sura yenyewe imetengenezwa, meno yake halisi nayajua. Akaniuliza nani anashughulikia moshi. Nikasema ni mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Akataka kujua barafu kavu nimeagiza wapi, Lagos au wapi. Nikamjibu nina njia zangu. Akasema, "Kaka, moshi wa chini si mchezo. Ni wa watu waliosimama. Ule wangu mtu hainamishi hata kichwa humo, unakata pumzi." Nikamshukuru kwa ushauri. Sikuwa na nia ya kuutumia, lakini adabu ni bure.

Ukweli ni huu: barafu kavu sina. Mwenye kiwanda cha aiskrimu ameniambia anawauzia watu anaowafahamu, na mimi ananifahamu, ndiyo maana haniuzii. Lakini nina akili. Nimenunua mashine ya moshi ya kawaida kwa mtu mmoja wa disko aliyeokoka. Moshi wake nitaupitisha kwenye bomba, ndani ya kasha kubwa lililojaa barafu ya maji. Moshi ukipoa unakuwa mzito. Ukiwa mzito unalala chini wenyewe, kama mtoto aliyeshiba. Barafu kavu ya nini?

Wakati naondoka Keji aliingia kuangalia meza. Sunkanmi akamvutia kiti. Akamfutia kiti kwa leso yake mwenyewe! Nani amemwomba?

Jumatano, 11 Desemba

Majaribio nyumbani. Ushindi!

Nilifunga bomba, nikajaza barafu kidogo iliyokuwa kwenye jokofu, nikawasha. Moshi ukatoka mweupe, ukashuka ngazi taratibu, ukatanda uani. Magotini kabisa! Mbuzi wa Mama Risikat alionekana kichwa tu. Nilikaribia kulia.

Mama Risikat anakaa chini yangu. Alitoka na ndoo akipiga kelele kwamba nyumba inaungua. Nikamwambia si moto, ni sanaa. Tayari alikuwa ameshanimwagia. Amesema safari hii atamwambia mwenye nyumba, njiwa aliwavumilia. Njiwa nao walikohoa.

Jambo moja tu limebaki. Barafu niliyotia iliisha kabla hata mbuzi hajashangaa vizuri. Kwa ukumbi mzima inatakiwa barafu ya kujaza kasha mpaka kifuniko. Na nani ana barafu nyingi Ibadan hii kuliko Keji, mwenye duka la samaki wa barafu pale Mokola?

Nalala kwa amani.

Ijumaa, 13 Desemba

Jana sikuandika. Nilikuwa nakohoa.

Leo nimekwenda dukani kwa Keji. Nikamwomba barafu. Akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema barafu yake yote imelala na vibua tangu wiki iliyopita, na harusi ni ya mdogo wake, si ya samaki. Akanielekeza kwa mtu wa mtaa wa Challenge anayetengeneza barafu safi ya vinywaji. Nikasema sawa, nakwenda moja kwa moja.

Akanishika mkono. Akasema Baba amemwuliza juu yangu. Ameuliza mwenyewe, bila kuchokozwa! Amesema, "Hebu tuone Jumamosi." Keji alisema maneno hayo kwa sauti ndogo, macho yamejaa machozi. Akaniambia, "Gbadebo, tafadhali. Hii moja tu ifanye kama watu wanavyofanya." Nilimwahidi, na niliahidi kwa moyo wote.

Halafu akaenda kwa fundi kujaribu sare ya ukoo.

Challenge ni mbali. Foleni ya Ijumaa mnaijua. Na pale mbele yangu kulikuwa na barafu mlima mzima, haina kazi, imekaa tu na vibua. Barafu ni maji, na maji ni maji! Nikachota upande wa nyuma, ambako samaki ni wachache. Nimejaza kasha mpaka kifuniko. Nimenusa. Harufu ipo, lakini ni ya mbali. Nimemwagia chupa nzima ya marashi ya waridi.

Nimenusa tena. Sasa ni kama kibua aliyealikwa harusini. Kesho kila mtu atakuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hanusi.

Jumamosi, 14 Desemba

Niandike kwa utaratibu.

Ratiba ilikuwa hivi: asubuhi mambo ya jadi hapo hapo ukumbini, kisha kanisani jirani, kisha kurudi kwa tafrija na dansi ya kwanza. Mimi kazi yangu ni ya dansi. Nilifika mapema, nikalificha kasha nyuma ya maua karibu na jukwaa, nikasubiri.

Nikasubiri sana. Jadi ilitakiwa ianze saa tatu. Saa tano Mama Alaga ndiyo anashuka kwenye gari. Huyu ndiye mwanamke aliyekodiwa kuongoza mambo ya posa, ulimi wake ni wembe, na hakuna bwana harusi ambaye hajamtoa jasho. Akaanza kwa kuwafukuza ndugu wa Demilade mlangoni, eti waimbe vizuri ndipo waingie. Wakaimba. Akasema hajasikia besi. Wakarudia.

Huku nyuma ya maua, kasha lilikuwa linatoa maji. Kwanza tone. Kisha kijito. Barafu haijui desturi! Nikapiga hesabu: mpaka warudi kanisani nitabaki na maji ya vibua tu. Maji yamezidi unga, Gbadebo. Fanya kitu.

Hapo wazo likanijia. Zuri kupita yote niliyowahi kuwa nayo. Kwa nini wingu lisubiri dansi? Bwana harusi yuko mlangoni na rafiki zake kumi, kofia za rangi moja, ngoma za kusema zinamwita jina la babu yake. Aingie juu ya wingu! Sunkanmi na taa zake watabaki wanashangaa. Baba Olopade yuko mstari wa mbele, ataona vizuri. Keji alisema moshi tu, na huu ni moshi tu.

Nikawasha.

Jamani, ulipendeza! Niliuona kwa macho yangu na hakuna atakayeninyang'anya. Moshi ulitambaa sakafuni mweupe, ukapita kati ya viti, wanawake wakapiga vigelegele, simu zote juu. Demilade na wenzake wakaingia wakicheza ndani yake. Baba Olopade alifungua mdomo. Keji alikuwa karibu na mlango wa jiko, anatikisa kichwa. Nikajua ameguswa.

Mama Alaga akapiga makofi. "Haya vijana! Mnataka binti wa watu? Chini!"

Wakalala kifudifudi, wote kwa pamoja.

Wakatoweka.

Hili sikulifikiria. Sisemi nilikosea, nasema sikulifikiria. Moshi unafika magotini. Mtu aliyelala hafiki magotini.

Pale waliposimama wanaume kumi na mmoja palikuwa na wingu tupu, limelala sawasawa, linapendeza. Kutoka ndani yake zikaja sauti za watu wanaokohoa.

Baba Olopade akamwuliza Mama Alaga vijana wamekwenda wapi. Mama Alaga akasema wamelala, Baba. Mzee akauliza ni nani aliyewaona. Ndipo akanyanyua kidole, kile kile cha shuleni. "Mimi nimeita majina darasani maisha yangu yote," akasema. "Mtoto nisiyemwona naandika: hayupo."

Mama Alaga hakutaka zaidi ya hapo. Akawainua. Wakainuka, macho mekundu, pua zimekunjwa. Akawalaza tena. Wingu likawafunika. Baba Olopade: "Hayupo." Akawainua, akawalaza mara ya tatu. "Hayupo!" Mjomba wa Demilade akasimama kupinga, akasema wamelala, kama hamwamini ulizeni sakafu. Mzee akamjibu kwamba sakafu haina binti wa kuoza.

Wakati huo wingu lilikuwa limefika mstari wa mbele. Bibi yake Demilade akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Oo, chakula cha leo vibua?" Vilemba vikaanza kugeuka huku na huku. Mwanamke mmoja akamnusa mumewe begani, mumewe akaapa si yeye.

Nikaona bora nizime. Nikashika kitufe cha mashine. Kikabaki mkononi mwangu! Mashine ikaendelea. Nikachomoa waya, kumbe ni waya wa kipaza sauti cha Mama Alaga. Nikaurudisha haraka. Akawa amenikata jicho ambalo nadhani litanifuata kaburini.

Aliyeokoa ni Keji. Alifungua milango yote, akachomoa waya wenyewe, kisha akawaamuru wanawake wote washike pepeo za zawadi, zile zenye picha ya maharusi, na wapepee chini. Picha za Anuoluwa na Demilade, mamia, zikawa zinafukuza wingu nje.

Wingu likapungua. Tukaanza kuona.

Kwanza, rafiki wa bwana harusi. Walikuwa kumi. Wamebaki sita! Wanne walitambaa ndani ya moshi mpaka jikoni, wakakutwa mbele ya sahani za ugali wa amala, mmoja ameshakula nusu.

Kisha, Demilade. Alikuwa amelala kwa heshima zote. Mikono imenyooka, paji sakafuni, kifua sakafuni. Hakuna kosa hata moja, ila wakati anakohoa aligeuka. Kichwa chake kilikuwa kwa wapiga ngoma. Nyayo zake zilikuwa kwa Baba Olopade. Nyayo! Na kiatu kimoja bado kina karatasi ya bei.

Demilade akainua kichwa polepole, akajikuta ana kwa ana na mpiga ngoma mkubwa. Akauliza Baba yuko wapi. Mpiga ngoma akamwambia, "Mimi nimekubali, mwanangu, lakini sina binti."

Hakuna aliyecheka. Baba Olopade alisimama, akashika fimbo yake, akamwambia Anuoluwa avue shanga, wanarudi nyumbani. Mtu asiyejua kichwa cha mkwe kiko upande gani hawezi kupewa mtoto. Ndugu wa Demilade wakaanza kupiga kelele. Demilade akawa anajieleza akiwa amepiga magoti. Na Anuoluwa akalia. Si kilio cha maharusi kile cha kamera. Alilia kama mtoto, poda inashuka mpaka kwenye lesi, na mama yake anamfuta na kulia naye.

Hapo niliona aibu. Naiandika kwa sababu ilitokea. Yule msichana hakunikosea chochote, na alikuwa anavuliwa shanga kwa sababu yangu.

Mzee akauliza moshi huu ni wa nani.

Wote walinionyesha. Mstari wa mbele, mstari wa nyuma, wapishi. Mpiga ngoma alinionyesha kwa fimbo ya ngoma. Sunkanmi akanimulika taa ya duara.

Nilitoka nyuma ya maua na joho langu la buluu, jipya. Nilikimbia mpaka mbele ya mzee nikajitupa chini, mwili mzima, kifudifudi. Pale pale maji ya barafu yalipotuama. Yalikuwa baridi, na yalikuwa na magamba. Nikasema, "Baba, kosa ni langu peke yangu. Kijana alilala mara tatu na alilala vizuri. Mimi ndiye niliyemficha. Niadhibu mimi, huyu mpe mke wake."

Sikujua kama nina maneno kama hayo.

Nilikuwa naona viatu vya mzee tu, havikusogea. Mwisho akasema, taratibu, "Huyu nimemwona."

Mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. Mzee akageuka akamwita Demilade, akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kichwa na mahali pa miguu. Demilade akalala. Hakuna wingu, hakuna kitu, sakafu na mwanaume. Ukumbi mzima ukashusha pumzi wakati mzee anatamka: "Yupo."

Vigelegele! Ngoma! Anuoluwa akavishwa shanga zake.

Nikataka kuinuka. Mama Alaga akanikanyagia joho. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba yeye hajaona mtu akilala mbele ya wazee wa ukoo wa Olopade bure bure. Huyu wa pili, mwenye harufu, yeye anaomba binti yupi?

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu wote wakageuka kumtazama Keji. Alikuwa amesimama na upepeo, amejifunika mdomo, ila macho yake yalikuwa kwangu. Na Baba Olopade hakukataa! Aliegemea fimbo yake. Alikuwa anasubiri! Miaka minne naitafuta hiyo sakafu, na sasa nimo, tumbo limegusa, na mwenye binti anasubiri.

"Sema, kijana," akasema. "Unaomba nini?"

Nikainua kichwa. Nikaona, kupitia kati ya maua, kasha langu. Kwenye pembe kulikuwa na barafu imebaki.

Nikasema, "Baba, naomba nafasi nyingine kwenye dansi ya kwanza. Barafu bado ipo."

Nimeandika kama nilivyosema. Hakuna aliyenilazimisha.

Mzee akasema, "Ondoka hapa." Keji akaweka upepeo juu ya meza, akaingia jikoni. Hakutoka.

Dansi ya kwanza moshi alimwaga Sunkanmi. Barafu kavu ilikuwa kwenye gari lake siku zote, ndani ya ule mdomo unaotabasamu. Magotini kabisa. Haukuwa na harufu. Watu walilia. Nilimwambia jirani yangu kwamba pembeni haukutanda sawa. Akahama kiti.

Jumapili, 15 Desemba

Keji hapokei simu.

Joho nimelianika uani. Paka wa mtaa mzima wamekaa chini yake, wanasubiri kwa nidhamu. Mama Risikat ameuliza vibua nauza bei gani.

Nimemwandikia Keji ujumbe: "Jana nilitaka kusema kitu kingine." Akajibu! Akaandika neno moja: "Kipi?"

Nikaandika: "Wewe." Nikalitazama neno hilo kwa muda mrefu. Lilikuwa jembamba sana, peke yake pale. Nikalifuta. Nikaandika: "Kasha langu limebaki ukumbini, ukipata nafasi."

Hakujibu. Mimi ni mjinga. Hii shajara ikichomwa, kurasa hizi zichomwe kwanza.

Jumanne, 17 Desemba

Amekuja.

Nilisikia hatua kwenye ngazi nikadhani ni mwenye nyumba, nikajificha. Ni Keji, amebeba kasha kichwani. Amelisugua, linang'aa. Akaliweka chini, akakaa juu yake, akaniambia nitoke nyuma ya pazia.

Akasema nyumbani kwao hakuna raha tangu Jumapili. Baba yake anamsimulia kila mgeni habari yangu, kuanzia vibua mpaka barafu bado ipo, na anacheka mpaka anapaliwa na uji. Mama yake hajawahi kumwona akicheka hivyo tangu astaafu. Nikasema nafurahi kwamba nimemfaa mtu. Akaniambia ninyamaze.

Kisha akasema mzee amesema neno jana jioni. Amesema, wale rafiki wanne waliotambaa kwenda kwenye amala, hao hatawasahau. Lakini yule wa njiwa alikimbilia kosa lake badala ya kulikimbia. Mtu kama huyo anafundishika.

Mimi! Nafundishika!

Nije Januari na wazee wangu na rafiki zangu. Nilale, nionekane, na nikiulizwa naomba nini niseme neno linalotakiwa. Na sharti la mzee ni moja: bila moshi.

Keji akaniambia nilirudie. Nikasema bila moshi. Akaniambia tena. Bila moshi. Akaniuliza, nikiulizwa nataka nini nitasema nini. Nikasema, "Morenikeji Olopade." Akasema hajasikia. Nikasema kwa sauti mpaka mbuzi wa Mama Risikat akaitika. Nilikuwa nalia na wala sikujali. Akanipiga kichwani na ule upepeo wenye sura ya mdogo wake, akaanza kulia naye, akasema tangu Jumamosi anasubiri kulisikia hilo, mjinga wewe.

Ninampenda. Nimeliandika, na sifuti.

Jumatano, 18 Desemba

Nimebadilika. Naandika ili iwe ushahidi.

Mashine ya moshi nimewapa watu wa kanisa la mtaa wa pili kwa mchezo wao wa Krismasi. Wana malaika wengi na hawana wingu. Kitufe nimewaambia wasiguse. Kasha nampa Keji atie samaki. Nikimaliza Januari natafuta kazi ya kueleweka.

Nimepita kuwaalika rafiki. Nimewaambia wale chakula kabla ya kuja. Nimejizoeza kulala sakafuni, Mama Risikat amepiga dari kwa mpini wa ufagio.

Wasiwasi wangu ni mmoja, na ni mdogo. Nasikia Sunkanmi amealikwa, kwa ajili ya muziki. Atakuwepo na taa zake, ananiangalia nikiingia hivi hivi, mikono mitupu, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mbele ya Keji. Mbele ya Mama Alaga! Sikatai unyenyekevu, lakini siku ni moja tu maishani.

Jioni nilitoka kupunga upepo, nikatazama juu ya bati la jikoni. Wamenenepa. Wanapendeza, weupe, wametulia. Machi hawakuwa wamefundishwa, nilikuwa na haraka. Sasa nina wiki kadhaa. Na wakitembea, kwani kuna ubaya? Watembee nyuma yetu, kwa mstari, sisi tukilala wao wanasimama. Wafupi wale, hawamzibi mtu. Mzee ataona kila kitu.

Nilimsikiliza Keji vizuri sana jana, na aliniambia nirudie mara mbili. Baba kasema bila moshi. Njiwa hakuwataja.